Nani Anakuambia Bei ya Mwisho?

Mtu anayenunua runinga Deira, Dubai, au simu Guangzhou, bei nafuu ameshaiona dukani. Kinachomnyima usingizi ni kutojua kifaa hicho kitakuwa kimemgharimu kiasi gani kikishafika sebuleni Mbagala au Kisauni, baada ya nauli ya mzigo, ushuru, VAT na tozo nyinginezo. Nikiziweka pamoja jamii tatu zilizozoea kuleta vifaa vya umeme kutoka ng'ambo, yaani Wafilipino, Wahindi na sisi wa Afrika Mashariki, naona viwango vya kodi si jambo linalotutenganisha sana. Tunatengana pale anapotafutwa mtu wa kumhakikishia mnunuzi hesabu hiyo kabla hajatoa fedha.

Wafilipino wameliweka hakikisho hilo ndani ya sheria, na walilipigania. Boksi la balikbayan, la mtu anayerejea nyumbani, hukaa kwenye kona ya chumba Riyadh au Los Angeles kwa miezi likijazwa kidogo kidogo: sabuni, nyama ya kopo, viatu, chokoleti, na katikati ya mataulo kishikwambi cha mtoto anayeanza shule. Wasafirishaji hutoza kwa ukubwa wa boksi bila kujali uzito, kwa hiyo hushindiliwa mpaka pembe zinavimba. Mwaka 2015 forodha ya Ufilipino ilipotaka kuyafungua na kuyapekua, wafanyakazi walioko nje walikasirika mno, na Rais Benigno Aquino akaagiza upekuzi wa kubahatisha ukome. Mwaka uliofuata sheria mpya ya forodha ikalitaja boksi lenyewe: vitu vya jamaa visivyozidi thamani ya peso 150,000, vinavyotumwa si zaidi ya mara 3 kwa mwaka, visiwe vya kuuza, havilipiwi kodi. Nesi aliyeko Jeddah anaijua hesabu yake kabla hajanunua hata utepe wa kufungia.

India imeshika njia ya orodha. Abiria ana kiwango chake cha msamaha, na aliyetimiza miaka 18 anapita na kompyuta mpakato moja bila kulipa. Lakini rupia ilipokuwa ikiporomoka mwaka 2013, serikali iliiondoa runinga bapa kwenye msamaha huo. Kuanzia 26 Agosti, mtu aliyerudi Kerala kutoka Ghuba na runinga yake alidaiwa asilimia 36.05 ya thamani yote, kuanzia rupia ya kwanza. Sheria hiyo ni kali na mimi siipendi, kwa sababu ilimbana mfanyakazi wa kawaida aliyekuwa anapeleka nyumbani kitu kimoja cha fahari. Lakini imesema wazi, na anayetaka kukwepa hasara ananunua kingine.

Kwetu sheria ipo na imeandikwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ilimsamehe msafiri anayerejea bidhaa za dola 500. Kompyuta haina ushuru wa forodha. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna baadhi zinazotozwa 35. Tatizo ni njia ya kuufikia mwisho wa hesabu. Chukua kifaa cha Sh 1,000,000, ambayo tayari ni bei ya kununulia pamoja na bima na nauli. Ushuru wa asilimia 25 ni Sh 250,000. VAT ya Tanzania, asilimia 18, haipigwi kwenye milioni ile. Inapigwa kwenye 1,250,000, nayo ni Sh 225,000. Ndiyo kusema unalipia kodi nauli ya meli, na unaulipia kodi ushuru wenyewe. Hapo tozo ndogo ndogo hazijaja, wala ofisa hajaikataa ankara yako na kukadiria thamani anayoiona yeye.

Ndipo wakala wa kago anapopata nafasi. Kwenye godauni lake kijana anapitisha futi kwenye katoni ya runinga ya inchi 55: urefu sentimita 140, kimo 85, unene 16. Anabonyeza kikokotoo, inatoka CBM (mita za ujazo) 0.19, anaizidisha kwa bei ya njia ya Dar, kisha anaandika kwa maka peni jina na namba ya simu ya mpokeaji. Bei hiyo, anasema, ni pamoja na kugomboa. Neno hilo moja la wakala limemfaa mnunuzi kuliko kurasa zote za sheria, na sishangai watu wa Kariakoo na Eastleigh wanalitegemea. Ila mzigo umeingia ndani ya kontena la watu wengi, na hati ya forodha haina jina lako. Kontena likizuiwa, huna karatasi ya kwenda nayo popote. Mwenye maduka matatu atastahimili miezi miwili ya kusubiri. Aliyekopa kwenye kikoba ili alete friji mbili za biashara ya juisi atafilisika.

Pwani hii iliwahi kuwa na hesabu fupi. Mkataba wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani wa mwaka 1833 uliweka asilimia 5 kwenye shehena inayoshushwa, basi. Uliwafaa zaidi matajiri wa Salem, Marekani, kuliko mvuvi wa Unguja, lakini nahodha aliijua kodi yake akiwa bado baharini. Miaka ya karibuni aliyenunua runinga Zanzibar amekuwa akidaiwa tofauti ya kodi anaposhuka bandari ya Dar es Salaam, ndani ya nchi ileile, na jambo hilo limehesabiwa miongoni mwa kero za Muungano kwa miaka.

Lakini uwezo wa kumpa mnunuzi hesabu yake mapema upo. Kenya imetaka kuanzia 1 Januari 2025 namba ya IMEI ya kila simu inayoingizwa iandikwe kwenye hati za forodha. Serikali inayoweza kuitambua simu moja moja kwa tarakimu zake 15 haishindwi kumwambia mpwa aliyeko Sharjah, kabla hajalipa dukani, kwamba simu hii ya mama yako itadaiwa kiasi hiki, na kumpa stakabadhi yenye jina lake.