Sanduku Lisilo na Kodi

Katika miji ya Afrika Mashariki tarishi ni nadra kugonga mlango wa nyumba. Barua huishia Posta, kwenye ukuta wa visanduku vya chuma vyenye namba, na anayetaka kuitoa sharti awe na ufunguo. Ufunguo una mwenyewe, na mwenyewe hulipa ada kila mwaka. Asiye na uwezo huo hupokea barua zake kwa mgongo wa mwingine: S.L.P. ya shule, ya parokia, ya kiwanda anachofanyia kazi baba, ya mwenye duka pale stendi. Vizazi vimeandikiana hivyo, mchumba akimwandikia mchumba kupitia kwa mwalimu mkuu, bahasha ikipita mikono mitatu njiani na mara nyingine ikifika imekwisha kufunguliwa.

Historia ya barua pepe katika nchi hizi haieleweki vizuri bila ukuta ule. Husemwa kwamba barua pepe za bure ziliziua za kulipia kwa sababu kitu cha bure hakina mpinzani. Hiyo ni nusu ya habari. Foleni zilizojaa kwenye saiba za Nairobi na Dar es Salaam miaka ya 1990 ikielekea ukingoni zilikuwa za watu waliolipa kila dakika waliyokaa mbele ya kompyuta. Walichokifuata kilikuwa sanduku lenye jina la mtu mwenyewe, lisilopitia kwa mwajiri wala kwa mwalimu mkuu, na ufunguo wake ukiwa kichwani.

Huko barua pepe ilikozaliwa nako ilipitia mikono ya wenye masanduku. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, akaichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Watafiti wa mtandao ule hawakulipa chochote kutoka mfukoni. Wafanyabiashara walipoingia, mita ikaanza kuzunguka. CompuServe ya Ohio iliwapa wateja wake anwani za tarakimu tupu, mfano wa namba za masanduku ya Posta. MCI Mail, iliyozinduliwa Septemba 1983 huku Vinton Cerf akiongoza uhandisi wake, ilitoza dola 1 kwa barua fupi, na kwa dola 2 iliichapa barua kwenye karatasi na kuipeleka kwa njia ya posta kwa mtu asiye na kompyuta. AOL nayo ilihesabu saa: dola 9.95 kwa mwezi kwa saa 5 za mwanzo, kisha dola 2.95 kwa kila saa iliyozidi. Ilipofika Desemba 1996 ndipo ikaweka bei moja ya dola 19.95 bila kuhesabu muda. Mpaka hapo, Mmarekani aliyechapa kwa kidole kimoja alilipia polepole yake.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango wa uani. Kabla ya intaneti kamili kulikuwa na Fidonet, mtandao ulioasisiwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984, ambamo kompyuta za watu wa kawaida zilipigiana simu usiku na kubadilishana mafurushi ya barua. Bara la Afrika lilipewa namba yake kwenye mtandao huo: Kanda ya 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya mazingira na ya maendeleo jijini Nairobi yalituma barua kwa njia hiyo, na upande wa pili wa laini ilikuwa GreenNet ya London. Vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi wa ESANET. Madaktari walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown. Hiyo ilitumia hata setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku. Kituo cha ardhini kiliisubiri ipite, kikapandisha barua zake na kuteremsha zilizokuja.

Kazi ile ilihitaji subira kubwa. Mtu aliandika jioni, modemu ikaanza kulia usiku bei ya simu iliposhuka, laini ikakatika, ikapigwa tena, na asubuhi ndipo ikajulikana kama furushi limevuka. Simu ya kimataifa ililipiwa kwa dakika, na kila neno lilikuwa na uzito wake kwenye ankara, kwa hiyo watu waliandika kama wanaoandika telegramu. Waliofanya kazi hiyo, wengi wao mafundi wasiojulikana majina, wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Hata hivyo sanduku lilikuwa bado la taasisi. Asiyekuwa daktari, mhadhiri au mtumishi wa shirika hakuwa na pa kuingilia.

Kisha yakaja makampuni. Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ilikuwa ikiuza huduma Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Dar es Salaam ilikuwa na CyberTwiga miongoni mwa za mwanzo, zikafuata CATS-Net, Raha na kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mteja alijaza fomu, akalipa, akapewa jina la kuingilia na anwani iliyobeba jina la kampuni. Anwani hiyo ilionekana kwenye kadi za biashara kama alama ya cheo.

Gharama zake zilikuwa mbili. Kampuni ilidai ada ya mwezi, na shirika la simu likadai dakika zote modemu ilizokaa hewani. Tanzania ilikuwa imeligawa shirika lake la posta na simu Januari 1994, Posta ikabaki na barua na TTCL ikachukua nyaya. Kenya ikafanya hivyo mwaka 1999. Nyaya zenyewe zilikuwa haba. Mwaka 2000 laini za simu za mezani Tanzania nzima hazikufika 200,000, wakati sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya milioni 34. Mtu wa Songea au Kigoma aliyetaka kuunganishwa na kampuni ya Dar es Salaam alilipia pia umbali. Na aliyehama kampuni aliiacha anwani yake nyuma, kama mpangaji anayerudisha ufunguo.

Ndiyo maana mtu mwenye kompyuta ofisini alitumia anwani ya ofisi kwa mambo yake yote, na bosi alijua yupi ana ndugu Ughaibuni na yupi anatafuta kazi kwingine.

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyozaa Hotmail. Sabeer Bhatia na Jack Smith walikuwa waajiriwa wa kampuni moja ya kompyuta California, wakitaka kujadiliana kuhusu biashara yao wenyewe bila barua zao kupitia mikononi mwa mwajiri. Wakapata wazo la kuiweka barua pepe ndani ya ukurasa wa wavuti, ili mtu aifungue kwenye kompyuta yoyote duniani. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa dola 300,000. Walizindua huduma tarehe 4 Julai 1996, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na kila barua iliyotoka ilibeba mkiani mstari wa kumkaribisha mpokeaji ajipatie sanduku lake la bure. Miezi michache kabla yao, Juno nayo ilikuwa imeanza kutoa barua pepe ya bure, lakini kwa programu ya kusakinisha na simu ya kupiga. Ilimfaa mwenye kompyuta nyumbani. Hotmail haikumdai mtu kompyuta. Kufikia mwisho wa 1997 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 8, na Microsoft ikainunua kwa thamani ya dola milioni 400 hivi. Oktoba mwaka huohuo Yahoo ilikuwa imenunua kampuni ya Four11, yenye RocketMail, ikazindua Yahoo Mail.

Kwa nchi yenye simu chache, kutenganisha sanduku na waya kulikuwa na maana kubwa kuliko hata ile bei. Kompyuta moja kwenye chumba kimoja mjini iliweza kubeba masanduku ya mtaa mzima.

Chumba chenyewe wengi wanakikumbuka. Kompyuta nane au kumi zimetenganishwa kwa mbao nyembamba, feni juu, kijana kwenye kaunta na daftari la kuandikia saa ya kuingia. Ukurasa hufunguka mstari kwa mstari kwa sababu wote wananyonya laini moja. Kenya bei ilishuka mpaka ikafika shilingi 1 kwa dakika, na kibao cha bei hiyo kikawa pambo la kila mtaa. Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 2000 mtu alikaa saa nzima kwa shilingi 500 hivi. Mjanja aliandika barua yake nyumbani kwenye karatasi, akafika na kuichapa mbio. Mama asiyejua kompyuta alisoma karatasi yake kwa sauti ya chini huku kijana wa kaunta akimchapia, na jibu lilipokuja kutoka kwa mwanawe Boston, Muscat au London, kijana yuleyule aliliprinti na kumwekea chini ya kaunta. Kwa mama huyo barua bado ilipita mikononi mwa mwingine. Kwa mtoto wake wa kidato cha nne, aliyekaa kompyuta ya jirani akichagua neno la siri, haikupita tena.

Bure hiyo ilikuwa na kuta zake. Sanduku la Hotmail lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2, Yahoo 4. Shangazi akituma picha tatu za harusi, sanduku limejaa, na barua zilizofuata zinarudi kwa mtumaji. Kibaya zaidi, Hotmail ilifikia mahali pa kulifuta sanduku lisilofunguliwa kwa siku 30. Mwanafunzi aliyekwenda likizo kijijini, kusiko na umeme, alirudi mjini akakuta hakuna kitu: barua zote za miaka miwili, anwani za marafiki, majibu ya vyuo alivyoomba. Ufutaji huo ulimuumiza zaidi mtu wa mbali na mji kuliko mtu wa California, na waliouweka hawakuwa na sababu ya kumfikiria.

Baada ya anguko la makampuni ya intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye masanduku walijaribu kurudisha kodi. Aprili 2002 Yahoo ilianza kudai dola 29.99 kwa mwaka kwa aliyetaka kuzishusha barua zake kwenye programu ya kompyuta yake. Microsoft ikauza nafasi ya ziada kwa dola 19.95 kwa mwaka. Mtumiaji wa saiba, asiye na kadi ya benki, hakuwa na hata njia ya kulipa. Alifuta picha moja baada ya nyingine akaendelea.

Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilitangaza Gmail, kazi ya mhandisi Paul Buchheit, yenye gigabaiti 1 nzima. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya wajinga, wengi walidhani wanataniwa. Ilikuwa kweli, nafasi mara 500 ya Hotmail. Ndani ya miezi michache Yahoo ikapandisha yake hadi megabaiti 100 na Hotmail ikaahidi 250. Gmail iliingiwa kwa mwaliko tu mpaka Februari 2007, na aliyekuwa na mialiko aliigawa kwa marafiki kama zawadi. Malipo yalikuwa ya namna nyingine: mashine zilipitia maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya kuweka pembeni, desturi ambayo Google ilisema itaiacha mwaka 2017. Wanasiasa na watetezi wa faragha Marekani waliipigia kelele. Bahasha iliyofunguliwa njiani ilikuwa imerudi, na safari hii hakuna kilichoonekana kimechanika.

Wakati huo anwani za kulipia zilikuwa zinazimika. Africa Online ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007. Nyaya za baharini zikafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na biashara ya intaneti ikawa kuuza kasi, si kuuza sanduku. Hata ofisi za umma zilikuwa zimezoea kuandika anwani za Yahoo kwenye barua zenye nembo ya taifa, mpaka Serikali ya Tanzania ikajenga mfumo wake wa barua pepe ili nyaraka zake zikae kwenye anwani zinazoishia na .go.tz. Vibao vya gereji na maduka havikubadilika. Rangi ya @yahoo.com bado ipo kwenye kuta nyingi kando ya barabara kuu, pengine na namba ya simu ya mezani isiyolia tena.

Mwaka 2011 Safaricom iliuza Kenya simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na simu za Android zikaanza kuenea kila kona. Simu ya namna hiyo humtaka mwenyewe awe na akaunti ya Google kabla ya kupakua programu kwenye duka la mtandaoni la Google. Dukani muuzaji huwa na haraka. Humfungulia mteja sanduku palepale kaunta, kwa jina lolote linalokubaliwa, neno la siri analitunga yeye, na mteja anaondoka na simu mpya bila kujua kwamba ana barua pepe.

Miaka inapita. Simu inaibiwa au inaanguka majini, na mwenyewe anarudi dukani na simu nyingine, akitaka picha za mazishi ya baba yake zilizokuwa zikijihifadhi zenyewe. Fundi anamuuliza anwani, hajui. Anamuuliza neno la siri, hajawahi kuliona. Google inajitolea kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya zamani, na laini hiyo imekwisha kufungwa. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo imeanza kufuta akaunti zisizotumika kwa miaka 2. Fundi anaiweka simu mezani, anamtazama mteja, kisha anamwambia wafungue nyingine, haitachukua dakika tano.