Kutoka baraza la mseto hadi mita ya LUKU

Wasafiri wanaijua Ibadakuli kwa uwanja wake wa ndege. Mafundi umeme wanaijua kwa kituo cha kupozea umeme, ambako njia kuu ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida inafika mwisho wake. Chini ya nyaya hizo, kwenye kata hii ya Manispaa ya Shinyanga, kuna nyumba za kawaida za watu wa kawaida, na kwenye kuta zake mita za LUKU. Mtu akinunua umeme wake wa kwanza wa mwezi, shilingi 1,500 hukatwa kabla uniti hazijahesabiwa. Hiyo ni kodi ya jengo. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna mgambo aliyesimama mlangoni, wala hapana siku ambayo mtaa mzima uliitwa kuambiwa fedha hizo zitafanya nini.

Mita hiyo inafaa kuwekwa kando ya historia ndefu ya Usukuma, kwa sababu hapa kodi ilikuwa na uso kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu walimjua anayeidai, walijua baraza lililoipanga, na walipochoka walijua njia ya kuwafikisha hapo.

Wajerumani ndio walioleta kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Waingereza wakaiandika upya katika sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Lililobadilisha mambo zaidi lilikuja mwaka 1926, pale serikali za wenyeji zilipowekwa kisheria na kupewa hazina zao. Sehemu ya kodi ilirudi kwa mtemi, naye akageuka mtu wa mshahara. Zamani mtemi alipokea mazao na nguvu kazi, na ghala lake lilitazamiwa kufunguliwa wakati wa njaa. Sasa fedha ziliingia kwenye daftari, na fungu kubwa la daftari hilo likawa mishahara ya watemi wenyewe na watumishi wao. Kwa macho yangu hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Raia aliwaona watoza kodi wakiongezeka, lakini ghala hakuliona tena.

Baada ya vita vya pili vya dunia mzigo ulizidi. Mwaka 1947 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, na mpango huo ukaja na amri tele: lima kwa matuta ya kukinga maji, weka samadi, ng'oa masalia ya pamba kabla ya siku fulani, punguza ng'ombe. Aliyekaidi alipelekwa kwenye baraza la mtemi akatozwa faini. Wakati huohuo bodi ya kuuza pamba, iliyoundwa mwaka 1952, ilizuia sehemu ya bei kwa hoja ya kumlinda mkulima siku bei ikianguka. Mkulima wa Shinyanga, Maswa au Geita hakutenganisha vitu hivi. Kodi ya kichwa, faini ya matuta na makato ya pamba vyote vilitoka mfuko mmoja, na vyote viliamuliwa mahali ambapo yeye hakuwa na kiti.

Wasukuma hawakuanza kujipanga kwa sababu ya siasa za mjini. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wa vijana, nsumba ntale, aliyechaguliwa na wenzake kuongoza kazi za pamoja, na kulikuwa na vikundi vya kulima kwa zamu vilivyoitwa elika. Mtandao huo ndio uliotumika pamba ilipoanza kuibwa kwenye mizani. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, mizani ya wakulima ikawa shahidi dhidi ya mizani ya mnunuzi. Kazi hiyo ilizaa mwaka 1952 chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kikiongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana chini ya Victoria Federation of Cooperative Unions. Mkulima alitoa mchango wake kwa mpima mizani bila kusukumwa, kwa kuwa jioni hiyohiyo aliona kilo zake zimeongezeka. Bomani, kijana wa mizani, alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru mwaka 1962.

Serikali ya kikoloni iliogopa mtandao huo. Chama cha TANU, kilichozaliwa Julai 1954, kilikatazwa kufanya kazi Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Badala yake watu waliletewa mabaraza ambamo Waafrika, Wazungu na Waasia wangekaa pamoja kwa uteuzi wa serikali. Mwaka 1955 lilianzishwa baraza kubwa la kaunti ya kusini-mashariki ya Ziwa, kisha yakafuata mabaraza ya wilaya. Watu waliyaita ya mseto. Kwa mpishi mseto ni mchele na kunde katika chungu kimoja. Kwa mkulima ulikuwa chungu ambacho kuni na maji anatoa yeye, na mwiko ameshika mwingine.

Geita ndiko kulikolipuka, mwaka 1958. Wilaya ilipewa baraza la mseto, watemi wakalikubali, raia wakalikataa. Walikusanyika bomani kwa wingi wakitaka kujibiwa. Waliacha kutii amri za kilimo na za mifugo, moja baada ya nyingine, mpaka sheria za mpango wa Malya zikawa maandishi tu. Kisha maelfu wakashika njia kwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Anayeijua nchi ile anajua maana ya safari hiyo kwa miguu, na kwamba kati ya Geita na Mwanza kuna mkono wa ziwa, uleule ambao leo unavukwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Mwanza walipokewa na polisi na mabomu ya machozi.

Lakini walishinda. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyewasili mwaka huohuo, alikuta Geita haitawaliki kwa amri. Baraza la mseto liliondolewa, serikali ikaacha kulazimisha amri za kilimo kwa mahakama, na TANU ikaruhusiwa Usukuma. Jambo moja halitajwi mara nyingi: waandamanaji wa Geita waliishi jirani na mgodi wa dhahabu uliokuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930, na upande wa Shinyanga almasi ya Mwadui ilikuwa ikichimbwa tangu 1940. Utajiri ulikuwepo, ila baraza lilimtafuta mwenye ng'ombe watano.

Upareni kulitangulia kisa kama hicho. Miaka ya 1940 wakazi walikataa kodi ya kupima mali, mbiru, ambayo machifu na maofisa waliikadiria kwa kila mtu kadiri walivyomwona. Mwaka 1945 maelfu walikwenda Same na kukaa huko kwa miezi, na baadaye wanawake wa Usangi nao wakatoka majumbani. Kodi hiyo ilifutwa. Wapare walikuwa tayari kulipa kodi sawa kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa na mtu asiyewajibika kwao.

Uhuru haukumaliza habari. Serikali ilifuta kodi za halmashauri mwaka 1969 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikazivunja halmashauri zenyewe. Ziliporudi kwa sheria za mwaka 1982, zilirudi na kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu aliiita kwa jina la zamani, kodi ya kichwa. Waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka mgambo kwenye vizuizi vya barabara wakidai stakabadhi, na wanaume waliolala porini wiki ya msako. Mwaka 1998 wakazi wa Arumeru waligoma kuilipa, wakiuliza hesabu za halmashauri yao. Juni 2003 Waziri wa Fedha Basil Mramba aliitangaza kufutwa nchi nzima.

Shinyanga ya miaka hiyohiyo ina ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Mwaka 1982 wezi wa mifugo walipozidi, vijiji vya Kahama na jirani zake viliunda vikundi vya ulinzi vya Sungusungu. Kila kaya ilitoa mtu na mchango. Familia ileile iliyomkimbia mtoza kodi ya maendeleo ilitoa mchango wa ulinzi, kwa sababu ng'ombe walirudi zizini na aliyeshika fedha alikuwa jirani anayeulizwa mbele ya watu. Sungusungu ilikuwa na ukatili wake, na wapo walioumizwa bila hatia, tena wengine wanawake wazee walioitwa wachawi. Hilo lisifichwe. Lakini huwezi kusema watu hawa hawakupenda kuchangia.

Migodi mikubwa ya dhahabu ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, madiwani nao wakajikuta upande wa wadai. Sheria ilitaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, lakini mikataba ya migodi ilikuwa imeweka dola 200,000 kwa mwaka, bila kujali dhahabu imeuzwa kwa kiasi gani. Ilichukua zaidi ya miaka kumi ya mabishano mpaka asilimia hiyo ikaanza kulipwa.

Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri za miji tangu sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa mkusanyaji ni kazi rahisi, na nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kulipa sasa zinalipa. Malalamiko yalianza siku ileile: wapangaji wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao, kwa kuwa anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Waliambiwa wamalizane na wenye nyumba.

Mpangaji wa Ibadakuli akitaka kuuliza shilingi zake 18,000 za mwaka zimefanya nini, kwenye ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, ataambiwa wao wanakata tu. TRA watamweleza kuwa fedha ni za serikali. Manispaa ndiyo inayozoa taka, ila barabara ya mtaa wake tangu 2017 iko chini ya wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA. Mwaka 1958 mtu wa Geita alitembea siku kadhaa, lakini aliijua ofisi anayoiendea.