Chuma Kilichoshuka Kutoka Angani

Kwa karne nyingi wahunzi wa Rwanda walipata chuma kwa kuyeyusha mawe ya madini kwa makaa na mivukuto. Lakini kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni chuma kilichofika duniani kikiwa tayari. Kina urefu wa mita 3 na uzito wa tani 16 hivi. Takriban asilimia 90 ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli.

Vimondo vya chuma hutokana na magimba madogo yaliyoyeyuka mwanzoni mwa mfumo wa jua, miaka bilioni 4.5 iliyopita, kisha yakavunjika kwa kugongana. Vingi hupangwa katika makundi kwa kupima kiasi cha elementi za nikeli, gali na gerimani zilizomo. Cha Mbozi ni adimu: hakiingii kundi lolote.

Wenyeji walikijua tangu zamani. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza mwaka 1930. Ni kigumu: kukata kipande chake kidogo kwa msumeno wa mkono kulichukua saa kadhaa.

Ukiokota jiwe zito kupita kiasi linalonasa sumaku, huenda ni kimondo; usilivunje. Waoneshe wanajiolojia.