Jina la Limau, Mafuta ya Chungwa

Katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, palikuwa na kabati la chupa za mafuta ya mimea ambazo August Kekulé, bingwa wa kemia wa zama zake, aliziacha bila ya kuzifungua. Otto Wallach, aliyekuwa akifundisha chini yake, aliomba azichunguze. Kekulé alimruhusu, ijapokuwa hakutaraji makubwa.

Elimu ya manukato wakati huo ilisongwa na majina. Kiini cha mafuta ya limau kiliitwa sitreni, cha chungwa hesperideni, na cha mbegu za kisibiti karveni. Wallach, aliyeanza kuchapisha utafiti huu mwaka 1884, alivitia bromini hata vikafanya fuwele, kisha akapima joto la kuyeyuka kwake. Fuwele zikalingana. Kumbe vitu vitatu vilikuwa kimoja, limoneni: molekuli yenye kaboni 10 na hidrojeni 16. Kazi hiyo ya subira ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1910.

Jina lenyewe, lenye nasaba moja na limau letu, linapoteza njia. Limoneni ni zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa. Katika limau haifiki kiasi hicho. Molekuli hii ina maumbo mawili, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto, na vitabu vingi vya shule vikaja kuandika kuwa la kulia hunukia chungwa na la kushoto limau. Ni hadithi tamu, ila si kweli: maganda yote mawili yana, takriban yote, umbo lile lile la kulia.

Kinacholitenga limau ni sitrali, asilimia chache tu za mafuta yake, ambayo pua huitambua hata ikiwa haba. Mtu wa pwani huipata kwa wingi zaidi katika mchaichai, ambao ni jamaa ya nyasi, wala hauna udugu na mlimau. Mwaka 1893, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Paul Krüger waliichanganya sitrali na asetoni, wakapata ayononi, yenye harufu ya ua la urujuani. Tangu hapo viwanda vya manukato vya Ulaya vikawa vinayatafuta mafuta ya mchaichai ili kutengenezea harufu ya ua hilo.