Samaki wa Eastlands hutegemea kanuni za ziwa na ubora wa vifaranga

SOKO la Gikomba jijini Nairobi ndilo chimbuko la samaki wengi wanaoliwa katika mitaa ya Eastlands. Kutoka hapo, ngege, mbuta na omena huelekea vibandani Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi.

Mwenye kipato kidogo hununua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa kwa ajili ya soko la ng'ambo. Samaki wakiadimika Ziwa Victoria, yeye ndiye huumia kwanza.

KANUNI ZA ZIWA

Kenya ina takriban asilimia 6 pekee ya ziwa hilo. Sehemu iliyosalia ni ya Tanzania na Uganda.

Kwa kuwa samaki hajui mpaka, mataifa hayo matatu yalitia sahihi mkataba mwaka wa 1994 wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, Uganda.

Yaliafikiana kwamba mbuta wa kupelekwa viwandani awe wa sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Nchini Kenya, kanuni za mwaka wa 2007 ziliwapa wavuvi wenyewe jukumu la kusimamia fuo kupitia vikundi vyao.

VIFARANGA

Njia ya pili ni ufugaji. Mnamo 2009, serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, jumla yake vidimbwi 28,000. Kila kidimbwi kilihitaji vifaranga 1,000, yaani vifaranga milioni 28.

Mahitaji hayo yalizidi uwezo wa vituo vya kutotolea vifaranga vilivyokuwapo, kikiwemo kile cha Sagana, Kirinyaga, kilichoanzishwa 1948. Baadhi ya wafugaji waliishia kuuziwa vifaranga duni.

Ngege wa kiume na wa kike wakifugwa pamoja huzaana upesi, kidimbwi kikajaa na wote wakadumaa. Ndiposa watotoaji huwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne, ili karibu wote wawe wa kiume, ambao hukua haraka. Aidha, samaki wazazi hubadilishwa ili ndugu wasizaane.

Mavuno ya vidimbwi yalifikia takriban tani 24,000 mwaka wa 2014, lakini kufikia 2016 yalikuwa yameshuka chini ya tani 15,000. Chakula ghali cha samaki na kupungua kwa msaada wa serikali vilichangia. Samaki waliogandishwa kutoka China wakazidi kuingia sokoni.

Funzo ni kwamba mpango wa ufugaji sharti uanze kwa kuhesabu vifaranga, kabla ya jembe la kuchimba kidimbwi kuinuliwa. Bila hivyo, na bila kanuni za ziwa kuheshimiwa, hata mgongo wazi utakuwa anasa kwa mkazi wa Eastlands.