Kitabu kilichosomwa kwa fotokopi kwa karibu miaka 20

Mwaka 1976 John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, alichapa msimbo wa kiini cha mfumo endeshi wa Unix, takriban mistari 9,000, akaupa kila mstari namba, kisha akaandika kitabu cha pili cha kuufafanua. Wanafunzi wake walitakiwa wausome wote, tangu mashine inapowashwa hadi herufi inapotokea kwenye terminali. Miaka mitatu baadaye leseni ya toleo jipya la Unix ilikataza msimbo wake kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions hakikufa. Kilisomwa kwa nakala za fotokopi katika vyuo na ofisi za nchi nyingi, hadi mwaka 1996 kilipochapishwa kihalali.

Nimeichagua historia hii kwa sababu swali lililoizaa bado tunalo. Kijana anayejua Python au JavaScript, pengine tayari analipwa kwa kazi hiyo, anafika mahali anataka kujua kinachotokea chini: kumbukumbu inagawanywaje, faili inakaaje kwenye diski, programu mbili zinatumiaje prosesa moja bila kugongana. Anaulizia kitabu. Anatajiwa vingi, vingine vya kurasa 1,000 na zaidi, na anakata tamaa kabla hajafungua hata kimoja. Lions alikuwa na jibu ambalo mpaka leo naliona bora kuliko mengine: chagua kitabu kinachokupa mfumo kamili, mdogo wa kutosha mtu mmoja kuumaliza.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa msomaji kama ilivyokuwa kwa mashine, kwani mifumo mingi ya enzi hiyo iliandikwa kwa asembli, lugha inayomlazimu msomaji kufuatilia kila rejista kabla hajajua programu inakusudia nini. AT&T, wamiliki wa maabara hizo, walikuwa wamefungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliyowazuia kufanya biashara nje ya mawasiliano. Kwa hiyo hawakuweza kuiuza Unix kama bidhaa nyingine yoyote. Vyuo vikuu vilipewa kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote, bila msaada wowote wa kiufundi. Julai 1974 Thompson na Ritchie walichapisha makala kuhusu mfumo huo katika jarida la Communications of the ACM. Lions aliisoma akiwa Sydney, na chuo chake kikaomba leseni.

Alikuwa mtu wa Sydney, mzaliwa wa 1937, aliyechukua shahada ya uzamivu Cambridge na kufanya kazi Kanada na Marekani kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1972. Jambo moja lilimkera katika ufundishaji wa kompyuta: wanafunzi waliandika programu nyingi ndogo, lakini karibu hawakusoma kamwe programu kubwa, inayofanya kazi kweli, iliyoandikwa na mafundi stadi. Anayejifunza ushairi husoma kwanza diwani za waliomtangulia, na Lions hakuona sababu ya programu kuwa tofauti. Unix ikampa alichokuwa akikitafuta. Mfumo mzima, pamoja na maelezo yake, ulitosha kwenye mkoba wa mwanafunzi.

Hakuuchapa tu ulivyo. Alipanga upya mafaili katika sehemu tano zinazofuatana kwa namna ya kufundishika: kwanza jinsi mfumo unavyoamka na kuanzisha michakato, kisha jinsi programu inavyouomba mfumo huduma na vifaa vinavyoikatiza prosesa, kisha diski, kisha mafaili na saraka, mwisho terminali na vifaa vinavyosoma herufi moja moja. Alichagua msimbo wa mashine moja tu, PDP-11/40, ili msomaji asipotelee kwenye tofauti za mashine. Kwa kuwa kila mstari una namba, ufafanuzi unaweza kusema nenda mstari fulani, tazama thamani inayowekwa pale, rudi hapa. Msomaji wake anakaa na vitabu viwili wazi mezani na kidole kwenye ukurasa. Vitabu vingi vya leo vimelipoteza jambo hilo.

Mstari uliopata sifa kuliko yote ni wa 2238. Upo ndani ya funksheni iitwayo swtch, inayouondoa mchakato mmoja kwenye prosesa na kuuweka mwingine. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, hivyo michakato iliyokosa nafasi ilihamishiwa kwenye diski na kurudishwa baadaye. Kwa kawaida funksheni ikimaliza kazi humrudia aliyeiita. Hapa sivyo. Mchakato uliokuwa umehamishiwa kwenye diski unapopewa tena zamu, Unix inabadilisha staki katikati ya funksheni, na amri ya kurudi inamrudia mwitaji mwingine kabisa, yule aliyeiita funksheni iliyohifadhi hali ya mchakato huo kabla haujaondolewa. Chini ya maelezo ya mbinu hiyo, waandishi wa Unix waliacha sentensi moja fupi kumwambia msomaji kwamba hatarajiwi kulielewa jambo hili.

Wengi waliisoma sentensi hiyo kama kiburi. Miaka mingi baadaye Ritchie alieleza kwamba nia yao ilikuwa kumpunguzia msomaji mzigo, kama mwalimu anayesema jambo fulani halitatoka kwenye mtihani. Kisha akaongeza jambo zito zaidi: wao wenyewe walikuwa hawajalielewa sawasawa. Mbinu ile ilifanya kazi kwenye PDP-11 kwa sababu kompaila yake ilihifadhi rejista kwa namna ile ile kila mara. Unix ilipohamishiwa kwenye mashine ya Interdata 8/32, ambako namna ya kurudi ilitofautiana kati ya funksheni na funksheni, kosa likajitokeza. Toleo la 7 la Unix likaja na mbinu mpya.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Kitabu cha nadharia kingekupa mchoro wa visanduku viwili na mshale katikati, ukadhani umeelewa kubadilisha mchakato ni nini. Mwanafunzi wa Lions alikutana na ugumu wenyewe, na akaona kwamba mafundi wakubwa kuliko wote nao walijikwaa mahali pale pale anapojikwaa yeye. Sijui somo la mifumo ya kompyuta linaloshinda hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 AT&T waliona kwamba msimbo huo ni mali. Bell, waliomkaribisha Lions Murray Hill kwa likizo yake ya utafiti, walichukua kazi ya kukisambaza kitabu, lakini kwa wenye leseni tu. Toleo la 7 lilipotoka mwaka 1979, leseni yake ilikataza kufundisha kwa kuutumia msimbo. Hapo fotokopi zikashika kazi. Aliyepita chuo chochote cha Afrika Mashariki anaijua hali hiyo: nakala moja ya mhadhiri, kibanda cha fotokopi nje ya geti, na darasa zima linasoma. Kwa kitabu cha Lions nakala ilitolewa kwenye nakala ya nakala, herufi zikififia kila mara, na bado watu walizihifadhi kwa miaka. Mnamo 1996 shirika la Peer-to-Peer Communications lilikichapisha kwa idhini ya Santa Cruz Operation, waliokuwa wakimiliki haki za Unix ya zamani, baada ya Ritchie na wenzake kulipigania jambo hilo. Lions alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia kwa sababu ya ugonjwa. Aliishi hadi kitabu chake kikachapishwa, akafariki Desemba 1998.

Marufuku ya 1979 ilizaa kitabu kingine. Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, aliponyimwa msimbo wa kufundishia, aliandika mfumo wake mwenyewe. Aliuita Minix, na mwaka 1987 akauchapisha ndani ya kitabu cha mifumo endeshi, msimbo ukiwa mwishoni mwa kurasa za maelezo. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki alikisoma. Januari 1991 alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386 akaweka Minix, na Agosti mwaka huo huo akatangaza kwamba anaandika mfumo wake. Huyo ni Linus Torvalds, na mfumo ni Linux. Kila simu ya Android inayotuma fedha kwa M-Pesa Nairobi au Dodoma ina kiini cha Linux ndani yake. Minix nayo haikubaki darasani: mwaka 2017 ilifahamika kwamba Intel walikuwa wameliweka toleo lake la tatu ndani ya chipu zao, likifanya kazi kimya chini ya mfumo ambao mwenye kompyuta anauona.

Njia ya Lions yenyewe ilirudi darasani Marekani. Mapema miaka ya 2000 chuo cha MIT kilifundisha mifumo endeshi kwa kitabu chake, lakini wanafunzi walichoka kujifunza PDP-11, mashine iliyokwisha kutoweka, sambamba na kompyuta zao za kawaida. Mwaka 2006 walimu wao wakaandika upya Unix ya toleo la 6, lile alilolifafanua Lions, kwa C ya kisasa na prosesa za wakati huo, wakaiita xv6. Mmoja wa walimu hao ni Robert Morris, aliyeachia mwaka 1988 programu iliyojisambaza na kulemaza maelfu ya kompyuta za intaneti ya wakati huo. Baba yake, mwenye jina hilo hilo, alifanya kazi Bell katika miaka ya Unix ya mwanzo. Tangu 2019 xv6 hutumia prosesa za RISC-V. Msimbo na kitabu chake cha ufafanuzi vinapatikana bure, na ni vifupi.

Mwenye kuuliza leo aanze wapi, ningemshauri asianze na xv6 siku ya kwanza. Anahitaji C, na kwa lugha hiyo kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie, kilichotoka 1978 na kuandikwa upya 1988, bado kinatosha. Ni chembamba na hakipotezi neno. Upungufu wake ni kwamba kinakufundisha lugha na kukuachia mashine uitafute mwenyewe. Pengo hilo limezibwa vizuri na Randal Bryant na David O'Hallaron wa Carnegie Mellon, kwa kitabu kilichotokana na kozi waliyoianzisha mwaka 1998. Wao wanaitazama kompyuta kwa jicho la mwandishi wa programu: namba zinahifadhiwaje, C inageuka asembli gani, kwa nini programu mbili zenye kazi moja zinapishana kasi mara kumi. Zoezi lao maarufu linampa mwanafunzi programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, bila msimbo, iliyotegwa kama bomu. Asipotambua maneno inayoyataka kwa kuisoma asembli yake, inalipuka na anapoteza alama. Kitabu ni kinene na bei yake ni ya kuumiza, lakini sura za kwanza tatu pekee zinatosha kumbadilisha mtu. Kwa mifumo endeshi, Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Wisconsin wameweka sura zote za kitabu chao bure, na wanafafanua vizuri sana. Asome nadharia kwao huku xv6 ikiwa wazi pembeni.

Kitabu cha Lions chenyewe kisubiri mpaka xv6 imalizike. Tangu Januari 2002, kampuni ya Caldera ilipoachia msimbo wa Unix za kale kwa leseni huria, hakuna tena anayemzuia mtu kuusoma. Atakayeufungua ajue tu kwamba C yake ni ya kabla ya kitabu cha Kernighan na Ritchie: pale ambapo leo tunaandika += ili kuongeza thamani, Thompson na Ritchie waliandika =+, na kompaila ya leo itamwelewa vingine kabisa anayenakili mstari huo ulivyo.