Kengele ya Ntsikana: Jinsi Wimbo Ulivyoitunza Imani

Katika habari za kuenea kwa Injili barani Afrika, mara nyingi twasoma juu ya wahubiri na shule, juu ya vitabu vilivyofasiriwa na makanisa yaliyojengwa. Hayo yote ni kweli, na yastahili kukumbukwa. Walakini yuko mjumbe mwingine ambaye hakupewa nafasi kubwa vitabuni, naye ni wimbo. Wimbo hauhitaji karatasi wala wino. Huingia katika nyumba isiyo na kitabu, hulala moyoni mwa mtu asiyejua kusoma, na asubuhi huamka pamoja naye. Twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za nyimbo za mtu mmoja wa Afrika ya Kusini, ili tuone jinsi watu walivyomjua Mungu kwa kumwimba, hata walipokuwa hawana mhubiri wala Kitabu.

Mtu huyo aliitwa Ntsikana, mwana wa Gaba, wa kabila la Waxhosa. Alizaliwa yapata mwaka 1780. Baba yake alikuwa diwani wa mfalme Ngqika, na Ntsikana mwenyewe alisifiwa ujanani kwa mambo matatu: kuimba, kucheza ngoma, na kusema vizuri barazani. Mwaka 1799 mmisionari wa Kiholanzi, Johannes van der Kemp, alifika kwa Ngqika akakaa muda mfupi tu, kisha akaenda zake. Yasemekana kijana Ntsikana alimsikia akihubiri. Lakini neno lile lilikuwa kama mbegu iliyotupwa wakati wa kiangazi. Miaka ikapita pasipo kuonekana jani.

Hata yapata mwaka 1815, wafuasi wake walivyosimulia baadaye, Ntsikana alisimama asubuhi penye zizi lake akimtazama Hulushe, ng'ombe dume aliyempenda kuliko wote. Akaona mwali wa nuru, mkali kuliko jua, umempiga ng'ombe yule ubavuni. Akamwuliza kijana aliyekuwa karibu kama naye ameuona, kijana akasema hakuona kitu. Siku ile ile walikwenda ngomani. Kila Ntsikana alipoinuka kucheza, upepo mkali ulivuma. Akaketi, nao ukatulia. Jambo hilo lilipotokea tena na tena, aliwachukua watu wake akarudi nyumbani. Njiani akaingia mtoni, akauosha udongo mwekundu aliojipaka kwa desturi ya wachezaji. Toka siku ile akaanza kuvumisha wimbo ambao hakuna aliyepata kuusikia.

Twaomba msomaji aangalie sana neno hili. Mtu huyu alipoguswa na Mungu, hakuanza kwa hotuba, ingawa alikuwa msemaji hodari. Alianza kwa kuimba. Wala hakuimba sauti iliyotoka Ulaya, kwa maana alikuwa hana mtu wa kumfundisha. Aliimba kama walivyoimba Waxhosa arusini na penye kazi: kiongozi huanzisha, waitikiaji humpokea kabla hajamaliza, na sauti hizo mbili hupandana kama mawimbi.

Mwaka 1816 Joseph Williams, mmisionari wa chama cha London, alikuja na mkewe kujenga kituo karibu na mto wa Kat. Ntsikana na watu wake walikuwa wakienda kusikiliza mafundisho. Lakini mwaka 1818 Williams alifariki, na mkewe akaondoka. Mmisionari mwingine, John Brownlee, hakufika kukaa katika nchi ile mpaka mwaka 1820. Basi kwa muda wa miaka kama miwili hapakuwa na mhubiri. Hapakuwa na shule, wala Biblia katika Kixhosa. Tena ilikuwa miaka ya damu. Mwaka 1818 Ngqika alipigana na Ndlambe, baba yake mdogo, katika uwanda wa Amalinde, ingawa Ntsikana alimwonya asiende vitani. Watu wa Ngqika wakashindwa na wengi wakafa. Mwaka 1819 Nxele, nabii wa upande wa Ndlambe, aliwaongoza maelfu kuupiga mji wa Grahamstown, wakarudishwa nyuma kwa bunduki, naye akafungwa katika kisiwa cha Robben. Mtu angeweza kudhani kwamba katika miaka kama ile imani changa ingezimika.

Haikuzimika, na sababu yake tunaweza kuieleza. Ntsikana hakuwa na kengele ya chuma ya kuwaita watu kusali. Kwa hiyo alitunga wimbo uwe kengele. Asubuhi alisimama mlangoni pa nyumba yake akauimba kwa sauti kuu, na watu waliposikia walikuja mmoja mmoja, wengine wakiitikia wangali njiani. Hata leo wimbo huo huitwa Kengele ya Ntsikana. Walipokwisha kukusanyika waliimba nyimbo nyingine, na ulio mkubwa kupita zote ni ule uitwao Wimbo Mkuu. Katika huo mna mafundisho yote aliyokuwa nayo mwalimu huyu asiyejua kusoma: kwamba Mungu yuko juu, ndiye aliyeziumba nyota, ndiye ngao na ngome ya kweli, kwamba azitafuta roho kama mwindaji atafutavyo, na kuwapatanisha wasiopatana, na kwamba mikono ya Mwokozi ina majeraha kwa ajili yetu. Mungu tena afananishwa na blanketi kubwa la kujifunika. Mtu aliyelala nje katika baridi ya nchi ile hahitaji kuelezwa maana ya mfano huo.

Hivyo wimbo ulikuwa ndiyo katekismo yao, ndiyo sala yao, na ndiyo kanisa lao. Asiyeweza kukumbuka hotuba ya jana aliweza kukumbuka wimbo wa mwaka jana. Tena wimbo wenye kiongozi na waitikiaji hauwezi kuimbwa na mtu mmoja peke yake ukakamilika, wamtaka jirani. Kwa hiyo kila walipoimba walikutana, na kila walipokutana walimhisi yule waliyemwita yu kati yao. Ntsikana alifariki mwaka 1821, akiwa amewausia watu wake wakae pamoja wala wasitawanyike. Wengi wao wakaenda katika kituo cha Brownlee kwenye bonde la Tyhume, wakiwa wamekwisha kujua kumwimba Mungu kabla hawajajua kuandika jina lake.

Miongoni mwa wafuasi hao alikuwamo mzee Soga, diwani wa Ngqika. Mwanawe Tiyo, aliyezaliwa mwaka 1829, alisomea Uskoti, na mwaka 1856 akawekewa mikono huko kuwa kasisi, wa kwanza katika Waxhosa. Tiyo Soga alifasiri sehemu ya kwanza ya Safari ya Msafiri, akatunga nyimbo pia. Mmoja, uitwao Lizalis' idinga lakho, maana yake umwombe Mungu atimize ahadi yake, uliimbwa mwaka 1912 mjini Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress.

Wa pili ni John Knox Bokwe, aliyezaliwa mwaka 1855 karibu na shule ya Lovedale, katika ukoo uliozipokea nyimbo za Ntsikana kutoka kwa wazee wenyewe. Maneno ya Wimbo Mkuu yalikuwa yamepigwa chapa tangu miaka ya 1820, lakini sauti yake ilikuwa vinywani tu, na wazee walikuwa wakifa. Bokwe akaiandika kwa alama za do, re, mi, zile zilizoenezwa na John Curwen wa Uingereza ili hata maskini asiye na kinanda aweze kusoma muziki. Kazi hiyo yastahili shukrani kubwa. Lau isingalifanyika, makanisa mengi yasingalipata kabisa nyimbo hizo.

Lakini karatasi nayo ina mipaka yake. Katika Kixhosa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe: ithanga huweza kuwa paja au boga, kwa jinsi litamkwavyo. Ukichukua sauti ya wimbo wa Kizungu ukaweka juu yake maneno ya Kixhosa, mara nyingi sauti hupanda neno linapotaka kushuka, na masikio ya wenyeji huumia hata moyo ukikubali. Sauti za Ntsikana hazikuwa na kasoro hiyo, kwa sababu zilizaliwa pamoja na maneno yake. Tena muziki wa zamani wa Waxhosa watokana na uhadi, ambao ni uta wa uzi mmoja wenye kibuyu, upigwao kwa ufito. Uzi huo hutoa sauti mbili za msingi, na waimbaji hujenga wimbo wao juu ya hizo mbili. Mambo hayo hayaingii kwa urahisi katika mistari ya do, re, mi. Nyimbo zilipoimbwa makanisani kwa sauti nne, zilinyoka kidogo kama nywele zilizochanwa.

Hata hivyo zile za asili hazikupotea. Zaidi ya miaka mia na hamsini baada ya kifo cha Ntsikana, David Dargie, padre na mtafiti wa muziki, aliwakuta wanawake wa vijijini katika nchi ya Waxhosa ambao bado waliziimba kwa kufuata uhadi. Wao hawakuzipata kitabuni. Walizipokea mdomo kwa sikio, kama wale watu wa kwanza waliozisikia mlangoni.

Sasa twafika penye habari inayotuhusu sisi wenyewe. Katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, alikuwako mwalimu kijana, Mxhosa, jina lake Enoch Sontonga, ambaye alikuwa pia kiongozi wa kwaya. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumwekea mikono kasisi mmoja. Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa hajajulikana nje ya kwaya za huko. Kaburi lake halikutambulikana na kupewa heshima ya taifa ila mwaka 1996. Lakini wimbo ulikwenda mbele yake. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ile ile ilivikwa maneno ya Kiswahili, nayo mpaka leo ndiyo wimbo wa taifa la Tanzania. Hatusemi kwamba wimbo wa Sontonga ni wimbo wa Ntsikana. Wake ulitungwa kwa mtindo wa nyimbo za kanisa za sauti nne. Twasema tu kwamba alilelewa katika taifa lililokwisha kuzoea, kwa miaka themanini, kumwendea Mungu kwa wimbo wa kutungwa nyumbani.

Huku kwetu nako njia hiyo ilipatikana, ingawa kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi vitabu vyetu vya nyimbo vilijaa sauti za Ujerumani na Uingereza. Nyingi ni nzuri na zimefariji watu kaburini na kitandani pa ugonjwa; hatutaki kuzitupa. Lakini kila mwalimu wa kwaya ajua jinsi Kiswahili, ambacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kinavyovunjwa pale sauti inapolikaza neno mwishoni. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa chuo cha Makumira karibu na Arusha, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya Kihaya. Mwalimu wake, Howard Olson, alikuwa akiwahimiza wanafunzi walete sauti za kwao, naye akazikusanya. Leo wimbo ule waimbwa Ulaya na Marekani katika lugha za huko. Sauti iliyodhaniwa kuwa ya kijijini imekuwa mgeni anayepokelewa kwa heshima.

Basi, tumejifunza nini? Kwanza, kwamba Mungu hangoji mpaka nyumba yake iwe na kinanda na kengele. Pili, kwamba imani ikiwekwa ndani ya wimbo ambao watu wenyewe waweza kuubeba, huvuka njaa, vita, na kifo cha mwalimu. Tatu, kwamba wimbo nao waweza kufa asipopatikana wa kuupokea. Ngoma ivumayo sana haidumu, wasema wahenga. Bali wimbo wa yule mzee haukuvuma sana, ulipokewa tu, nao umedumu.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu. Mnapofundisha wimbo, wafundisheni watoto kwanza maneno yake, wajue wanamwambia Mungu nini. Na katika kila usharika wako wazee waliopokea nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Nendeni kwao pamoja na vijana wenye masikio mema, mkaketi, mkasikilize, mkaitikie. Ziandikeni kama Bokwe alivyoandika, lakini msiache kuziimba kama walivyoziimba wale wanawake. Maana karatasi hutunza maneno, bali sauti hutunzwa na mwenye kuitikia.